Majitaka ya Siku za Kazi

Mfuniko wa chemba ya majitaka ulipoinuliwa, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa buti la mpira, soli ikitazama juu.

Fundi mzibuaji aliutupa mti wake na kurudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. Alikuwa ameitwa asubuhi hiyo kwa sababu vyoo vya mtaa vilikuwa vinarudisha maji.

"Nilidhani ni blanketi," alimwambia Inspekta. "Watu wanatupa mablanketi chooni, afande, usione ajabu. Nikavuta. Blanketi likawa na mguu."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee ili wamsikie, na wakishasogea wakajikuta wamesema zaidi ya walivyokusudia. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Uchochoro ulipita nyuma ya nyumba, kuta mbili zenye ukungu, na katikati mstari wa mifuniko ya chuma ukishuka kuelekea barabara kuu.

Walipomtoa marehemu, ilibidi wamlaze pembeni kwa upole kama mgonjwa. Kijana. Sare ya Idara ya Afya ya jiji. Jeraha juu ya jicho la kushoto. Sajini, ambaye alikuwa mrefu kama mlingoti na mwepesi wa kuhitimisha mambo, alibana pua kwa leso.

"Ajali hii. Kainama, kateleza, kaenda."

"Halafu akajifunika?" Inspekta aliuliza.

Sajini alitazama mfuniko. Ulikuwa mzito, wa kuburutwa kwa ndoano. Akaishusha leso.

Juu ya mfuniko ule palikuwa na nukta ya rangi ya njano, mbichi bado. Inspekta alipanda uchochoro polepole akikagua mifuniko mingine. Mmoja tu, ule uliofuata kwa juu, ulikuwa na nukta kama hiyo. Kati ya mifuniko hiyo miwili palikuwa na nyumba moja, yenye ukuta wa bluu uliobanduka.

Aliipiga picha. Hakujua bado ameipigia nini.

*

Maabara ilikuwa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, nje kidogo ya mji. Mkemia mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa amelia, kisha amenawa uso, kisha amelia tena.

"Tulikuwa tunamwita Daktari wa Vyoo," alisema. "Yeye mwenyewe alilipenda jina hilo. Akiingia asubuhi anauliza, 'Mgonjwa kaamkaje?' Mgonjwa ni mji."

"Nifahamishe kazi yenu, mama. Mimi kwangu nikivuta maji, basi, nimeshasahau."

Mkemia alitabasamu kidogo. "Wengi hawaendi hospitali. Wakienda, wengi wanadanganya. Lakini wote wanakwenda chooni. Tunachukua maji kidogo kwenye bomba kuu la kila kata, tunapima. Kipindupindu tunakiona kabla mtu wa kwanza hajalazwa. Dawa za kulevya tunaziona pia: aina gani, nyingi au chache, zinapanda au zinashuka."

"Na ni nyumba ya nani inayotumia?"

"Hapana!" Sauti yake ilikaza. "Hilo ndilo hatufanyi. Tunapima pale ambapo maji ya maelfu yameshachanganyika. Maji yetu hayana jina. Siku tutakayonyoosha kidole kwenye nyumba ya mtu, watu watatufungia milango, na tutakuwa vipofu."

"Marehemu alifuata sharti hilo?"

Mkemia alivaa miwani, akaivua. "Alikuja kwangu. Kata moja ilikuwa inaonyesha dawa ya maji, ile ya mafua na mwasho inayoleta usingizi mzito. Kidogo ni kawaida, nani hajapata mafua? Hii ilikuwa nyingi mno. Akataka ruhusa apande na bomba, chemba baada ya chemba, mpaka aone inatoka wapi. Nikamkatalia."

"Akapanda."

"Sijui. Sikuuliza." Machozi yalianza upya. "Nilimkatalia vibaya, Inspekta. Nilimwambia hakuajiriwa kuwa polisi."

*

Sajini alikuwa na mtu wake tayari. Aliitwa Msafi, kwa kuwa shati lake halikuwahi kuonekana na doa, na kila askari wa kituo alijua kwamba anauza bangi na vidonge mtaa uleule.

"Daktari wa Vyoo alikuwa anakufuata wewe," Sajini alimkemea. "Alikaribia kujua ghala lako. Ukammaliza."

"Mimi? Nimguse mtu wa maji ya choo na shati hili?"

"Usilete mzaha hapa!"

"Afande, situlii tangu nisikie. Yule bwana alikuwa ananisalimia kila siku. Ananiambia, 'Msafi, bidhaa yako imeshuka ubora, nimeiona maabara.' Tunacheka." Msafi alimgeukia Inspekta. "Dada, nisaidie. Alikuwa anatafuta dawa gani?"

"Ya usingizi."

"Siuzi usingizi. Wateja wangu wanataka kukesha. Hiyo dawa ilikuwa nyingi siku gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Biashara ni wikiendi. Ijumaa jioni, Jumamosi, Jumapili mpaka watu wakumbuke kuna kazi. Jumanne mimi nafua mashati."

Sajini alitaka kumkata kauli. Inspekta alimwashiria anyamaze, akapiga simu maabara hapohapo.

"Inapanda Jumatatu," mkemia alisema. "Inabaki juu hadi Ijumaa. Jumamosi inashuka, Jumapili hakuna kabisa. Sikukuu za umma pia hakuna. Hata yeye lilimsumbua hilo. Alisema, huyu mlevi gani mwenye nidhamu ya ofisi?"

Inspekta alikata simu, akakaa akitazama meza.

"Mwachie," alimwambia Sajini.

"Inspekta!"

"Mwachie aende akafue."

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi. Kesho yake asubuhi alifungua mlango, akawapa barakoa, akasema moja kwa moja.

"Jeraha la kichwani ni la kuanguka. Halikumuua."

"Nini kilimuua?"

"Hewa chafu ya chemba, kisha maji yaliyopanda. Mapafu yanasema hivyo." Alishusha sauti. "Tazameni kucha. Kutu na rangi ya njano. Alikuwa hai alipofunikwa, na aliusukuma mfuniko kutoka chini. Amelegea, kasimama kwenye utelezi. Asingeweza."

Sajini alitoka nje. Inspekta alimkuta ameegemea gari, leso mkononi, na safari hii haikuwa kwa ajili ya harufu.

"Mtu kasimama pale juu," Sajini alisema, "anasikia mwenzake anagonga. Anaondoka zake."

"Labda hakuondoka," Inspekta alisema. "Labda alisimama mpaka kimya kikaingia. Twende kwa mjane."

*

Nyumba ya msiba ilijaa wanawake waliokaa chini. Mjane alikuwa binti mdogo wa kiwanda cha nguo, uzi wa kazini bado umenasa kwenye nywele zake. Inspekta alikaa karibu naye, magoti yao yakagusana.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa, dada." Ndivyo watu hujibu hata wanapoungua.

"Siku za mwisho alikuwaje?"

"Tuligombana." Alisema kwa haraka, kama mtu anayetema. "Alisema nimtoe mtoto anakolelewa. Nikamwambia ukimtoa utamlea wewe? Na mimi niache kazi? Alisema mtoto analala sana. Mtoto wetu mzuri, dada, hasumbui. Nikimchukua jioni kalala, nambeba kalala, anaamka kesho yake. Wenzangu wananionea wivu. Nikamwambia wewe unataka mtoto alie ndiyo ufurahi?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Sina uhakika, nina kipimo kimoja tu, na kipimo kimoja ni uvumi. Nikipata cha pili nitakwambia.' Mimi mambo yake ya vipimo sikuyajali."

Inspekta alitupa macho chumbani. Wanawake, vikombe, kitanda kilichotandikwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha mtoto wa mwaka mmoja nyumbani kwa mama mkwe, na tangu alfajiri alikuwa na alama ya jino jipya begani.

"Mtoto yuko wapi sasa?"

"Kwa Shangazi. Si shangazi wa damu, ndiye anayewalea watoto wetu wa kiwandani. Alinipigia mwenyewe asubuhi. Akasema, msiba una watu wengi, mlete kwangu, usihangaike."

Simu ya Inspekta ilitetemeka. Mkemia alikuwa anahema.

"Nimepata chupa zake mbili, ndani kabisa ya friji. Hazikusajiliwa. Moja kaandika 'juu', nyingine 'chini', kwa rangi ya njano. Sharti linanikataza kuzipima."

"Umezipima?"

"Nimezipima. Ya juu ni safi. Ya chini imejaa. Chochote kilichopo kati ya chemba hizo mbili, Inspekta, ndicho."

Inspekta alimgeukia mjane, akijitahidi sauti isibadilike. "Nyumba ya Shangazi ina rangi gani?"

"Ya bluu. Kwa nini, dada? Kwa nini unasimama?"

*

Mlango ulifunguliwa na binti wa Shangazi, mwanamke mwembamba mwenye nepi begani, aliyemsaidia mama yake kazi ya kulea kwa miaka.

"Karibuni, ila taratibu. Wamelala."

Walikuwa wamelala kweli. Watoto kumi na kitu juu ya magodoro madogo, nyuso juu, vinywa wazi, wakati jua lilikuwa bado halijafika utosini. Sauti pekee ilikuwa ya saa ya ukutani. Kila mzazi anajua kimya cha watoto si cha kufurahia. Hukimbilii kushukuru, unakimbilia kutazama wamevunja nini. Inspekta alipiga magoti kwa mtoto wa marehemu, akamtikisa, akampuliza usoni. Kope zilifunguka nusu, zikarudi.

"Sajini, ita gari la wagonjwa. Wote."

"Kuna nini?" binti aliuliza. "Wana nini? Mama! Mama, njoo!"

Shangazi alitoka jikoni akijifuta mikono. Mnene, mpole, uso wa mtu ambaye ungemkabidhi roho yako na ya mwanao.

"Wanangu wamechoka tu. Wamecheza asubuhi."

"Maziwa yao unayachanganya wewe?"

"Jikoni ni kwangu, mwanangu. Huyu kazi yake watoto na nepi."

Nepi za vitambaa zilikuwa ndooni, zikisubiri kusuuzwa. Hapo Inspekta alielewa jinsi mkojo wa watoto wasiojua choo ulivyofika kwenye bomba. Aliuliza bafu liko wapi, akaingia peke yake. Sakafu ilinuka dawa ya kusafishia. Lakini ukutani, juu kuliko tundu la choo, ulibaki mstari wa kahawia usiofutika, kama alama ya mafuriko.

Aliutazama mstari ule kwa muda. Kisha akatoka.

"Shangazi, vaa viatu. Tunakwenda kituoni."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti na dirisha dogo. Inspekta alimsomea onyo. Alimwambia ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, na ana haki ya ndugu kukaa naye.

"Binti yako yuko hapo nje. Nimwite akae nawe?"

"Hapana." Jibu lilitoka haraka mno. "Mtu mwingine yeyote. Si yeye."

Inspekta aliliweka neno hilo kando.

"Daktari wa Vyoo alikuja kwako juzi?"

"Sikumwona."

"Vyoo vya mtaa viliziba lini?"

"Sijui. Watu walisema jana asubuhi."

"Nani alipiga simu?"

"Fundi cherehani wa kule juu, nadhani."

"Fundi cherehani anaishi mbali na ile chemba. Wewe ndiye wa kwanza juu yake. Maji yakikosa njia yanarudi kwako kabla ya kwa mtu yeyote. Ukuta wako wa bafu unasema yalifika magotini."

Shangazi aliilaza mikono yake mezani.

"Una watoto wachanga. Una ndoo za nepi. Kinyesi kinaingia ndani, unadeki peke yako hadi asubuhi, na hupigi simu. Mtu gani anafanya hivyo, Shangazi?"

Shangazi alilitazama dirisha dogo.

"Mimi ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Kila mama angepiga. Asingepiga yule tu ambaye hataki ile chemba ifunguliwe."

Shangazi aliiondoa mikono mezani. Aliificha chini.

"Alikuwa hai," Inspekta alisema taratibu. "Daktari wa maiti amethibitisha. Aliusukuma mfuniko."

"Aliniita," Shangazi alisema.

Sajini, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa.

"Aliniita Shangazi. 'Shangazi, nisaidie.' Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

"Ilikuwaje?"

"Nilitoka kumwaga takataka, nikamkuta kachuchumaa, chupa mkononi. Nikamuuliza unafanya nini, baba? Akaniambia. Hakuficha. Akasema, 'Shangazi, unawapa watoto dawa. Nikishapima hii nakwenda kusema.' Nikamshika mkono. Nikamwomba. Akasema hapana, mwanangu ni mmoja wao. Nikamsukuma. Sikukusudia aanguke mle, nilitaka chupa ivunjike. Akaanguka. Halafu ndoano ilikuwa pale, na mfuniko ulikuwa pale."

"Kwa nini unawapa dawa?"

"Watoto wengi, mikono miwili. Kiwanda kinawapa zamu ndefu, mama zao wanalia mlangoni kwangu, 'Shangazi, mpokee na huyu.' Ningewaambia waende wapi? Tone moja, wanalala. Yakawa mawili."

"Ungefungiwa kituo. Ungefungwa miezi, labda. Hakuna aliyekufa kwa dawa yako. Ya nini kuua?"

Shangazi alimtazama kwa macho ambayo Inspekta angependa kuyasahau.

"Nani amekwambia hakuna aliyekufa?"

Nje, kwenye korido, mtu alikohoa.

"Mjukuu wangu," Shangazi alisema. "Wa kwanza, wa kiume. Binti yangu alikuwa bado anafanya kazi kiwandani. Mtoto alikuwa na kikohozi, analia, na wenzake wanamwiga. Nikampa. Hakunyamaza. Nikampa tena. Akanyamaza. Binti akarudi saa ya chakula, akamnyonyesha usingizini, akamlaza kifudifudi, akarudi kazini. Jioni nilimkuta wa baridi."

"Hospitali walisemaje?"

"Walisema watoto wachanga wakilazwa kifudifudi hufa hivyo. Wakamuuliza, nani alimlaza kifudifudi? Akasema, mimi." Alivuta pumzi. "Tangu siku hiyo anajua amemuua mwanawe. Akaacha kazi, akaja kunisaidia, akasema anataka kuwalinda wa wenzake. Anawalaza chali, mmoja mmoja. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo. Na mimi nikamwacha ajilaumu. Kila siku nasema kesho nitamwambia. Yule kijana angepima, watu wangeuliza dawa imeanza lini, binti yangu angehesabu mwenyewe. Ningempoteza. Ndicho nilichokifunika mle, mwanangu. Si kituo."

"Na uliendelea kuwapa wengine."

"Niliendelea. Ningeacha, wangeanza kulia, naye angeuliza kwa nini zamani hawakuwa wanalia."

Sajini aliacha kuandika. Simu ilikuja kutoka hospitali: watoto wote wanapumua vizuri, mtoto wa marehemu ameamka na anawapiga wauguzi mateke. Inspekta alishukuru, akaiweka simu chini.

"Haya yatasomwa mahakamani, Shangazi. Atayasikia kutoka kwa mtu aliyevaa joho, mbele ya watu. Au atayasikia sasa."

Shangazi alitikisa kichwa, akatikisa tena, na mwishowe akaelekeza macho mlangoni, akasema, "Mwite".

Binti aliingia, nepi bado begani. Alimtazama mama yake, akamtazama Inspekta, akabaki amesimama ingawa kiti kilikuwepo.

Shangazi alimwambia. Hakupamba. Alianzia kikohozini na kuishia kwenye mfuniko, na alipomaliza akalaza paji la uso juu ya meza, kama anayengoja kipigo.

Kipigo hakikuja. Binti alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Midomo yake ilisogea mara kadhaa kabla sauti haijatoka, na ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtoto anayeuliza kama adhabu imekwisha.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe," Shangazi alisema mezani.

"Si mimi," binti alirudia, akakaa chini sakafuni, akalia kilio ambacho kilikuwa kimesubiri miaka.